Kulabu, Kivuli na Jasho: Kufuma na Kudarizi Nje Msimu wa Kaskazi

Ikifika Desemba kaskazi ikashika, nyumba nyingi za pwani hugeuka tanuri kabla ya saa 5 asubuhi. Bati linaunguza, feni inazungusha hewa ileile, na umeme ukikatika hata hiyo feni hakuna. Ndipo mikeka inapotolewa na vikapu vya nyuzi vikahamia barazani, uani au chini ya mti. Nje kuna hewa, kuna mwanga wa bure, na kuna watu wa kuongea nao wakati mkono unafanya kazi.

Lakini mkono uliozoea kufumia sebuleni hushangaa nje. Duara lililokuwa likilala bapa linajikunja kama kawa. Kitambaa cheupe kinarudi ndani na doa la hudhurungi ambalo sabuni hailitambui. Sindano inapotea, na aliyeipata ni mtoto, kwa unyayo. Kazi nyingi zinazoharibikia nje haziharibiwi na ufundi mdogo. Zinaharibiwa na mahali mtu alipokaa, uzi aliochukua, na kile alichojipaka mikononi kabla ya kuketi.

Kivuli kwanza, mchoro baadaye

Lamu, Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam zote ziko kusini ya Ikweta, lakini si mbali nayo. Kwa hiyo jua la mchana halishiki upande mmoja mwaka mzima. Mwezi Juni linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita upande wa kusini. Baraza inayotazama kusini, ambayo Julai ilikuwa na kivuli kutwa, Desemba na Januari inapigwa jua la adhuhuri waziwazi. Inayotazama kaskazini ndiyo ya kukimbilia. Wengi hukaa palepale walipokaa katikati ya mwaka, kwa mazoea, kisha wakalaumu joto la mwaka huu.

Dar es Salaam jua hupita utosini kabisa mara mbili kwa mwaka: mwanzoni mwa Machi na karibu na Oktoba 10. Siku za Machi, mnamo saa 6 na nusu mchana, kivuli cha mti kinajikusanya chini ya matawi yake na ukuta haumfichi mtu yeyote. Hapo ni mti wenye kichwa kipana au ni ndani. Nyakati nyingine za siku kanuni ni nyepesi: baraza ya magharibi ni ya asubuhi, baraza ya mashariki ni ya alasiri.

Kuhusu miti, si kila kivuli kinafaa kukaliwa na uzi mweupe. Mwembe una kivuli kizito kuliko miti mingi ya uani, lakini utomvu wake, hasa ule unaoruka kutoka kwenye kikonyo embe linapochumwa, huacha doa jeusi kwenye pamba. Ukishambuliwa na vidung'ata, majani yake hudondosha majimaji matamu yanayonata, na juu yake huota ukungu mweusi. Pitisha kiganja kwenye majani ya chini kabla hujatandika mkeka, kikinata, hama. Halafu kuna majimoto. Wadudu hawa ni mafundi wa sindano kwa haki yao: huvuta majani mawili yakakutana, kisha hubeba mabuu wao mdomoni na kuwatumia kama bobini, wakiyashonea kwa hariri wanayoitoa. Wastahiki kuheshimiwa, lakini kwa mbali.

Mgomba usiukaribie kabisa. Utomvu wake ukidondoka hauna rangi na unaonekana kama maji tu. Ukikauka unageuka hudhurungi na hautoki tena. Mkorosho wenye mabibo yaliyoiva ni vivyo hivyo. Mkungu ni mzuri, matawi yake yanatanda kama mwavuli wa ghorofa, ila angalia msimu wa kupukutisha majani. Kwa kazi nyeupe, chaguo letu ni muarobaini: kivuli chake kina vitobo vya mwanga lakini hauchafui. Huo mwanga wa madoadoa ndio kasoro yake, kwa sababu jicho linachoka kuhama kutoka kung'aa kwenda giza. Kwa kufuma kwa kulabu haidhuru. Kwa kudarizi maua madogo, tundika kanga kuukuu juu kama pazia ili mwanga utulie.

Ndugu walioko Muscat wanalijua hili kwa namna yao: kule kiangazi hupita nyuzi joto 40, kwa hiyo msimu wa kufumia uani ni kuanzia Novemba hadi Machi, na miezi ya katikati ya mwaka ni ya ndani. Walioko London wana tatizo la raha: mwezi Juni jua huchwa baada ya saa 3 usiku, mtu anafuma bustanini hadi mgongo unakataa bila kujua saa zimekwenda. Jua lao liko chini zaidi, kivuli kinatambaa, na kiti kinahitaji kusogezwa kila baada ya saa moja hivi.

Uzi gani utoke nje

Sokoni karibu kila uzi mnene huitwa sufu, lakini mwingi ni akriliki, yaani plastiki iliyosokotwa. Kuna njia ya kuhakikisha. Kata kipande cha sentimeta 5, kishike kwa koleo juu ya sinia lenye mchanga, kiguse kwa kiberiti. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini. Sufu ya kondoo inanuka nywele zilizoungua, na mabaki yake yanavunjika vidoleni. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu. Usiishike kwa vidole, maana ule ujiuji unagandia ngozi.

Akriliki hainywi jasho. Unyevu unabaki juu ya nyuzi, kidole kinashindwa kuteleza, na blanketi linalokua mapajani linageuka kuwa jiko. Kwa mikono ya Januari, pamba ndiyo yenyewe, na kwa vitambaa vya meza na kofia ni pamba iliyotiwa mng'ao kiwandani, ambayo ilipitishwa kwenye magadi makali huku ikivutwa. Uzi wa namna hiyo ni imara, hautoi manyoya mengi na unashika rangi vizuri. Namba iliyoandikwa kwenye donge inachanganya wanaoanza: namba ikipanda, uzi unakuwa mwembamba. Namba 10 ni ya vitambaa vya kawaida, kwa kulabu ya milimita 1.5 hadi 1.75. Namba 20 inataka 1.25 hadi 1.5 na macho mazuri. Iache kwa asubuhi.

Mwenye kutaka blanketi kwa ajili ya baridi ya Juni huko Arusha, Iringa au Nairobi asilifume zima kwenye joto. Afume vipande vya mraba vya sentimeta 15. Kila kimoja kinakaa kiganjani, hakigusi mapaja wala mkeka. Vipande 80, yaani 8 kwa 10, vinatoa blanketi la sentimeta 120 kwa 150. Vifumwe Januari na Februari, viunganishwe Mei mvua zikiwa zimetufungia ndani. Rangi zote za kuunganishia zinunuliwe siku moja, zenye namba moja ya mtungo wa rangi, yaani nyuzi zilizotiwa rangi pamoja, kwenye karatasi ya donge. Bluu ya Januari na bluu ya Mei ni bluu mbili.

Kulabu nazo zina tabia. Ya alumini ikiachwa juani dakika kumi inachoma kidole. Ya chuma isiyo na mng'ao mzuri huota kutu kwa jasho na chumvi ya hewa ya bahari, na kutu hiyo inahamia kwenye uzi. Mwanzi haushiki joto, lakini ukilowa jasho unakuwa mkwaruzo. Usugue kwa msasa laini sana, kisha kwa karatasi ya nta ya mshumaa, ufute vizuri. Tone moja la mafuta ya nazi lingetosha kuulainisha pia, lakini tone hilo litaonekana kwenye kitambaa cheupe wiki nzima.

Mikono

Kwa hiyo tufike kwenye mikono. Osha kwa sabuni, kausha, na uwe na kitambaa kibichi ndani ya mfuko na kingine kikavu mapajani. Poda kidogo husaidia kufuma kwa uzi mnene, ila kwenye uzi wa rangi nzito inaacha vumbi jeupe ndani ya mishono. Dawa ya kufukuza mbu ipakwe miguuni na vifundoni, kisha mikono ioshwe: dawa nyingi za aina hiyo hulainisha plastiki, na kulabu ya plastiki huanza kunata kama peremende. Hina mbichi na kazi nyeupe haviketi mkeka mmoja. Subiri siku mbili tatu, uifute mikono kwa kitambaa cheupe kilicholowa, na kikitoka safi endelea.

Na kanga ya mapajani? Iwe kuukuu. Kanga mpya huchuja rangi, na jasho la mapaja linatosha kuichujisha. Watu wameosha mikono mara tatu kisha wakaweka kitambaa cha harusi juu ya kanga nyekundu ambayo haijaguswa na maji.

Duara linalokataa kulala

Hapa ndipo joto linapoingia kwenye hesabu, na panahitaji muda.

Kwanza majina. Wafumaji wetu wengi hutumia cheni (mnyororo wa vitanzi), kisha singo, dabo na trebo (mishono inayozidi kurefuka), lakini vitabu vya zamani vilivyotoka Uingereza na video za Marekani haviongei lugha moja. Mshono ambao uzi huzungushwa kwenye kulabu mara moja kabla ya kuingia tunduni, Mmarekani huuita dabo, Mwingereza huuita trebo. Mchoro wa Kiingereza ukifumwa kwa masikio ya Kimarekani hutoka na mishono mirefu kupita kiasi, na kofia inakuwa ndoo. Angalia ukurasa wa maelezo: ukikuta singo imetajwa, mchoro ni wa Kimarekani, kwa sababu Waingereza hawana mshono wenye jina hilo. Hapa chini dabo ni ya Kimarekani.

Duara la dabo huanza na mishono 12. Piga cheni 4, zifunge ziwe pete. Piga cheni 3, ambazo zinahesabiwa kama dabo ya kwanza, kisha dabo 11 ndani ya pete, na ufunge kwa kuteleza juu ya cheni ya tatu. Raundi ya pili, dabo 2 katika kila tundu: 24. Raundi ya tatu, tundu moja dabo 1 na linalofuata dabo 2: 36. Ya nne, moja, moja, mbili: 48. Kila raundi inaongeza 12. Kwa singo ni 6 badala ya 12, kwa sababu singo ni fupi na duara linakua polepole. Na ukiongeza kila mara palepale, pembe sita zitajitokeza, hivyo hamisha mahali pa kuongezea raundi hadi raundi.

Kosa la kawaida liko kwenye kiungo. Ule mshono wa kutelezea unaofunga raundi si tundu la kufumia, lakini unafanana nalo. Anayefuma humo anapata 25 badala ya 24, na baada ya raundi tano kiungo kinakuwa na uvimbe. Funga kipande cha uzi wa rangi nyingine juu ya cheni ya tatu kila unapoanza raundi. Nje hili si la hiari: mtu hupita, salamu inaanza, habari za nyumbani, za watoto, za kazi, na salamu ya pwani haiishi kwa neno moja. Ukirudi kwenye hesabu, huo uzi wa rangi ndio shahidi.

Kanuni ya vitabuni inasema duara likijikunja juu mishono ni michache, likifanya mawimbi mishono ni mingi. Ni kweli, lakini ni kweli ya ndani ya nyumba. Nje kuna duara lenye hesabu sahihi kabisa, 12, 24, 36, 48, na bado linajikunja. Sababu ni jasho: uzi unashika kidole, kidole kinavuta zaidi, kila mshono unakuwa mfupi kidogo na mwembamba kidogo. Kisha alasiri upepo unapoingia mikono inakauka, uzi unateleza, na raundi tatu za nje zinalegea. Kitambaa kinatoka na tumbo katikati na mawimbi pembeni, na mfumaji anaanza kufumua kutafuta kosa la hesabu ambalo halipo.

Dawa ni kubadilisha kulabu, si hesabu. Kaa na kulabu mbili zinazopishana hatua moja, kwa mfano 1.5 na 1.75 kwa uzi namba 10, au 3 na 3.5 kwa pamba nene. Mchana unapotoa jasho tumia kubwa; jioni rudi kwenye ndogo. Kipimo cha kuamua ni kulaza duara juu ya sinia la bati kila baada ya raundi mbili. Mkeka unadanganya, una mabonde yake, sinia halidanganyi.

Kofia ni mahali pazuri pa kuona yote haya, na donge moja la gramu 100 la pamba ya kulabu ya milimita 3 linatosha na kubaki. Pima kichwa kwa utepe juu ya masikio. Kichwa cha sentimeta 57 kigawanye kwa 3.14: unapata kipenyo cha karibu sentimeta 18 kwa kofia yenye utosi bapa. Pamba ikilowa jasho hutanuka, kwa hiyo ishia kwenye 17 au 17 na nusu. Kwa mkono wa kawaida hiyo ni raundi ya 9 au 10, mishono 108 au 120.

Ukingo wa utosi unataka kupinda waziwazi, la sivyo utapata bakuli. Raundi moja fuma singo kwa kuingiza kulabu kwenye uzi wa nyuma tu wa kila tundu, bila kuongeza chochote. Hapo kitambaa kinavunjika pembe. Kisha ukuta wa kofia: dabo 1, cheni 1, ruka tundu 1, na kurudia hadi mwisho. Kwa mishono 120 unapata vidirisha 60 kila raundi, navyo ndivyo vinavyopitisha hewa. Panda hadi sentimeta 7, malizia na raundi tatu za singo kwa kulabu ya milimita 2.5. Hizo tatu zisirukwe. Ndizo zinazokaa kwenye paji la uso, zinalowa kuliko sehemu nyingine, na zikifumwa kwa kulabu kubwa kofia itakuwa inateremkia machoni kabla ya mwezi kwisha.

Sindano na kitambaa cheupe

Kofia za viua, zile nyeupe za kudarizi zenye matundu madogo, ni kazi ya miezi, na baraza imezibeba kwa sababu zinataka mwanga mwingi na hazitaki haraka. Kofia za Waomani ni ndugu zao wa karibu. Kiini cha kazi ni tundu, na mbinu ya tundu inatumika hata kwenye foronya na mashuka.

Weka nukta kwa penseli ngumu. Piga mishono midogo ya kupitisha kuzunguka nukta, duara la milimita 3 hivi. Choma katikati kwa chuma chembamba chenye ncha, ukizitawanya nyuzi za kitambaa bila kuzikata. Kisha zungusha uzi, sindano ikiingia nje ya duara na kutokea tunduni, mishono ikikaa bega kwa bega, na kila baada ya mishono minne mitano rudisha chuma ndani na kukizungusha ili tundu lisizibe. Mwisho wa uzi upitishwe nyuma chini ya mishono. Fundo litaonekana na litakwaruza.

Anayekata tundu dogo kwa mkasi anapata tundu safi siku hiyo, na baada ya kufua mara tatu nyuzi zinatoka kama ndevu. Anayevuta sana anakunja kitambaa. Matundu yasiyolingana ukubwa yana sababu moja rahisi: ncha ya chuma ni kama karoti, ikizama zaidi tundu linapanuka zaidi. Zungushia utepe wa gundi au plasta nyembamba kwenye chuma mahali unapotaka kiishie, na matundu yote yatakuwa ndugu.

Usidarizi kitambaa cheupe kwenye jua la moja kwa moja hata likiwa la asubuhi. Mboni inajifunga kwa mng'ao, nyuzi za kitambaa hazitofautiki, na ukiinua macho kuangalia baraza unaona giza. Kaa kivulini ukiwa umeelekea mwanga wa wazi, utokee kushoto kwa anayetumia mkono wa kulia. Weka kitambaa cheusi mapajani chini ya kazi: vitobo vya kitambaa vinaonekana kama vimepigwa msitari. Kwa kitambaa cheusi fanya kinyume chake.

Uzi wa kudarizi wenye nyuzi 6 utenganishwe uzi mmoja mmoja, kisha uunganishe mbili kwa shina na vikonyo, tatu kwa kujaza majani. Urefu wake uwe dhiraa moja, kiwiko hadi ncha ya kidole. Ndani unaweza kuzidisha. Nje upepo wa kaskazi unausokota kwenye ndevu za mkeka kabla hujavuta.

Kuchora ua nako kuna mitego ya joto. Karatasi ya kaboni inachafuka kwa kiganja chenye jasho. Kalamu ya bluu inayofutika kwa maji inafutwa na jasho hilohilo, na ukiipiga pasi kabla ya kuifua huenda isitoke tena. Ile inayofutika kwa joto ndiyo hatari zaidi: iache kazi kwenye gari lililoegeshwa juani na bustani yote ya maua itakuwa imeondoka. Penseli ngumu, mstari hafifu, basi.

Fremu ya duara ivuliwe kila unaposimama. Vumbi na jasho hukusanyika kwenye ukingo wake, na alama ya duara ikilala usiku mmoja inachukua fua mbili kuondoka. Zungushia utepe wa pamba nyeupe kwenye pete ya ndani, kitambaa kitakaa bila kukazwa mpaka kilie.

Upepo, donge na sindano iliyopotea

Donge la uzi lina miguu. Litie kwenye chupa ya maji ya lita moja na nusu iliyokatwa chini, uzi upite mdomoni, ukingo uliokatwa ulainishwe kwa moto wa mshumaa. Kifuu nacho ni kizuri zaidi kwa macho: nusu yenye macho matatu ifunike donge la gramu 50, uzi utokee kwenye lile jicho laini ulilolitoboa na kulisugua msasa mpaka lisikwaruze. Ni kizito, upepo haukihamishi.

Sindano zihesabiwe kabla ya kutoka na kabla ya kurudi. Sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kwenye kitambaa huziokota mchangani na kwenye majani, ila kulabu za alumini haziitikii. Kwenye mkeka sindano haidondoki, inasimama wima kati ya ukili na ukili, ikingoja. Kwa hiyo mkasi, sindano na vitufe vikae juu ya sinia, wala visiwekwe mkekani hata kwa dakika moja.

Madoa, maji na wanga

Damu ya kidole kilichochomwa: maji baridi, papo hapo, au mate ya mwenye kidole. Maji ya moto yanaipika ikakaa. Udongo mwekundu uachwe ukauke, ukung'utwe, ndipo ufuliwe; ukisugua tope bichi unalisukuma ndani ya uzi.

Kutu kwenye nyeupe: kamua ndimu juu ya doa, nyunyiza chumvi, anika juani saa moja au mbili, suuza sana, rudia ikihitajika. Usiiache kutwa, tindikali inadhoofisha pamba, wala usijaribu kwenye rangi. Na nawa mikono kabla ya kukaa juani, kwa sababu maji ya ndimu kwenye ngozi yakikutana na jua huacha malengelenge na baka jeusi la wiki kadhaa.

Kitambaa kilichofumwa nje kifuliwe kabla ya kuwekwa, hata kama kinaonekana safi. Jasho lililokauka hugeuka manjano kabatini. Maji ya uvuguvugu, sabuni laini, kamua kwa kukiviringisha ndani ya taulo, kisha kibanwe kwa pini zisizoshika kutu juu ya godoro lililofunikwa shuka jeupe, kikauke kivulini. Wanaotaka kisimame wakitie wanga wa muhogo: kijiko 1 cha chakula kikorogwe kwenye robo kikombe cha maji baridi, kimiminiwe kikombe 1 na nusu cha maji yanayochemka, kikorogwe hadi kiwe chepesi na kiangavu. Wengine wanatumia sukari iliyochemshwa, na kweli vikapu vya kufuma vinakuwa vigumu kama gamba. Lakini weka kikapu hicho mezani barazani na uhesabu dakika mpaka sisimizi wa kwanza afike. Hata kitambaa cha wanga usikihifadhi ndani ya sanduku, mende wanaupenda wanga. Fua, weka kikiwa laini, tia wanga wageni wakikaribia.

Mwanga wa kazi nyembamba unakwisha kama saa 12 jioni, mbu wakishaanza. Usimalize raundi kwa taa ya simu. Kivute kitanzi cha mwisho kiwe kirefu, pitisha pini ya kufungia ili kisifumuke kikapuni, funga karatasi yenye namba ya raundi kwenye pini hiyo, hesabu sindano, kung'uta kanga kuelekea uani, kisha mkeka ukunjwe kutoka upande wa kichwa ili mchanga ubaki nje.